Simu ya milioni mkononi, elfu thelathini ya hospitali huna!

Ilikuwa saa nane za usiku simu yangu ilipolia. Alikuwa mshikaji wangu mmoja wa Sinza, mtoto wa mjini haswa. Ila sauti haikuwa ile ninayoijua ya kijiweni.

"Aisee, mtoto anachemka kama pasi. Nisaidie elfu thelathini tu, kesho kutwa nakurudishia."

Nikamrushia. Mtoto akapelekwa zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria, akaanza dawa. Kesho yake jioni alikuwa anakunywa uji. Mungu mkubwa.

Lakini mimi usingizi uligoma kurudi. Jamaa huyu alikuwa amepokea mshahara siku kumi na moja tu zilizopita. Wiki hiyohiyo alitutambia simu mpya ya shilingi 1,200,000 aliyoichukua kwa mkopo. Jumamosi akaagiza bia za meza nzima, tukampigia makofi. Leo mwanawe anaungua homa, baba kachacha. Na kati ya wote tuliopiga makofi ile Jumamosi, aliyepokea simu ya saa nane alikuwa mmoja.

Ndugu msomaji, usimcheke. Hebu jiulize: wewe ikitokea usiku wa leo, unayo?

MACHO YA WATU YANAKULA MSHAHARA

Wengi tunadhani tatizo ni mshahara mdogo. Kweli kuna ambao kipato chao hakitoshi hata kula, na hao siwahubirii leo. Nasema na wewe ambaye mwaka juzi ulikuwa unapata laki tatu ukawa unakopa, leo unapata laki saba na bado unakopa. Hapo si mshahara, ni kichwa.

Kisa cha kwanza ni macho ya watu. Hatununui kitu, tunanunua namna tutakavyoonekana nacho. Tangu mwaka 1899 mchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, aliandika kwamba watu hutapanya mali ili wengine waone kuwa wanayo. Enzi zake ilikuwa magauni na karamu. Leo ni simu, viatu, na sare ya sendofu ya rafiki wa rafiki.

Kisa cha pili, kitu kimoja huita kingine. Mwandishi wa Ufaransa, Denis Diderot, mwaka 1769 aliandika masikitiko kuhusu joho lake jipya. Lilikuwa zuri kiasi kwamba meza yake, kiti chake na picha za ukutani vikaonekana takataka, akaanza kubadilisha kimoja kimoja. Unadhani ni mambo ya Wazungu wa kale? Nunua sofa jipya uone kama zulia halitaanza kukukera, halafu pazia, halafu televisheni.

Kisa cha tatu, pesa isiyoshikika haiumi. Ukihesabu noti za elfu kumi kumi na kumkabidhi muuzaji wa Kariakoo, moyo unashtuka kidogo. Ukibonyeza namba ya siri, hushtuki. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha jaribio lao. Waliwanadia wanafunzi tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei takriban mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi ni zilezile!

MKOPO WA SIMU, UTAMU WA PIPI

Halafu kuna hii mikopo ya dakika mbili. Piga hesabu na mimi. Umekopa 100,000, mwisho wa mwezi unarudisha 115,000. Ukirudisha umeishiwa, unakopa tena. Ukiendelea hivyo mwaka mzima, umelipa 180,000 ya ziada kwa ajili ya laki moja ileile. Na jina lako bado liko kwenye daftari.

Tena wengine wanakopa kwa watu wasiojulikana kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali", hakikisha unayemkubali anatambulika.

SASA TUFANYEJE?

Kwanza, jilipe kabla hujalipa wengine. Usisubiri kitakachobaki, maana hakibaki. Siku ya mshahara, toa fungu lako kwanza. Laki tano ukitoa asilimia kumi ni 50,000, kwa mwaka 600,000. Mwombe mwajiri au benki wakukate moja kwa moja, au jiunge na Vicoba au Saccos yenye viongozi mnaofahamiana. Kama ungeiona ingekutamanisha, basi isipite machoni pako.

Na usianze kwa kujikomoa. Kwa mpango wa wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi, wafanyakazi wa kiwanda kimoja Marekani waliambiwa: msikatwe sasa, ila kila mshahara ukipanda, akiba ipande kidogo. Kwa miezi 40 akiba ya waliokubali ilitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Pesa waliyoongeza kuweka ilikuwa bado hawajaizoea.

Pili, jaza kwanza kibubu cha dharura. Anza na cha usiku mmoja wa hospitali, kisha mshahara wa mwezi mmoja, kisha mitatu. Hiki si cha harusi wala cha sikukuu.

Tatu, weka siku saba kati ya tamaa na malipo. Ukikipenda kitu, andika bei yake pembeni, rudi nyumbani. Vingi utavisahau kabla ya Ijumaa. Na ukienda dukani, nenda na taslimu ya ulichokusudia.

Nne, michango iwe na kiwango. Mimi nimejiwekea kiasi changu cha mwezi. Kikiisha, namwambia mwanakamati: "Bosi wangu, mwezi huu nimefunga, nitakuja na nguvu zangu kupanga viti." Mwanzo walininunia. Sasa wamezoea.

Mwisho, akiba ikikua itafutie kazi. Tangu mwaka 2005 ulipoanza Mfuko wa Umoja, unaosimamiwa leo na UTT AMIS, mtu wa kawaida anaweza kununua vipande bila kuwa tajiri. Vipande hupanda na hushuka thamani, kwa hiyo peleka pesa usiyoihitaji kesho.

Uhuru wa pesa si kuwa na gari tatu. Ni kuamka saa nane usiku mtoto akichemka, ukafikiria mtoto tu.

Yule mshikaji alinirudishia elfu thelathini yangu, si kesho kutwa bali mwezi uliofuata. Alinipa ana kwa ana, akaniambia ile simu kaiuza kwa bei ya kutupa na deni bado analipa. Mkononi alikuwa na kisimu cha tochi. Nikacheka, naye akacheka.

"Cheka tu," akasema, "ila hii haina deni, na benki nina elfu sabini."

Wewe je? Kazi kwako!