Jina Jipya kama Tendo la Lugha: Mfano wa Majina ya Kisayansi ya Kuvumwani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna majina ya kisayansi ya spishi mpya za kuvumwani yanavyotolewa, na yanafanya hivyo kwa jicho la isimu. Kuvumwani ni vile viumbe vinavyoonekana kama madoa ya kijivu, ya kijani au ya rangi ya machungwa juu ya miamba, magome ya miti na udongo, au kama nyuzi zinazoning'inia matawini katika misitu ya milimani. Mpita njia huyadhania madoa hayo kuwa ni uchafu wa jiwe tu. Hata hivyo, orodha iliyokusanywa na wataalamu mwaka 2016 ilikuwa na spishi zaidi ya 19,000, na tangu hapo spishi nyingine zimekuwa zikiongezwa kila mwaka.

Msomaji huenda akauliza: jambo hili linawahusu nini wanaisimu? Jibu letu ni kwamba hakuna spishi inayoingia katika sayansi bila kupitia mlango wa lugha. Kiumbe kinaweza kuwapo mwambani kwa maelfu ya miaka, lakini hakihesabiwi mpaka mtu fulani aandike jina lake kwa utaratibu uliokubaliwa. Utaratibu huo una sarufi yake, una masharti yake ya kimatumizi, na una siasa yake. Tutayaeleza mambo hayo matatu kwa kutumia mfano mmoja hasa, ule wa Caloplaca obamae, kisha tutaangalia yanawafunza nini wanaojishughulisha na istilahi za Kiswahili.

2.0 Jina Moja, Viumbe Zaidi ya Kimoja

Linnaeus, ambaye kitabu chake cha 1753 ndicho mwanzo wa kisheria wa majina ya mimea na kuvu, aliziweka kuvumwani zote alizozijua katika jenasi moja tu, Lichen. Aliyeigawanya jenasi hiyo ni mwanafunzi wake, Erik Acharius (1757–1819) wa Uswidi. Acharius alitambua kuwa hawezi kutenganisha spishi bila kwanza kuwa na maneno ya kutajia sehemu zake. Kwa hiyo aliunda istilahi, kama vile thallus kwa mwili wa kuvumwani na apothecium kwa kijisahani kinachotoa spora, ambazo zingali zinatumika hadi leo. Kwa maneno mengine, taaluma hii ilianza kwa kazi ya istilahi.

Wote wawili waliamini kuwa kuvumwani ni kiumbe kimoja. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alitangaza kuwa sivyo: kuvumwani ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kuvu ikitoa makazi na mwani ukitengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Wataalamu wengi wa wakati huo, akiwamo William Nylander, walilikataa wazo hilo. Lilikubalika hatimaye, na likazua swali ambalo ni la kisemantiki kabisa: ikiwa kiumbe ni viwili, jina ni la nani?

Kanuni za kimataifa zinazotawala majina ya mwani, kuvu na mimea zimelijibu swali hilo kwa mkato. Jina linalopewa kuvumwani huhesabiwa kuwa ni jina la ile kuvu peke yake. Mwani una jina lake mbali, na ule muungano wenyewe, yaani kile kitu tunachokiona kwa macho, hauna jina rasmi. Tatizo liliongezeka mwaka 2016, Toby Spribille na wenzake walipoonyesha kuwa katika gamba la kuvumwani nyingi mna mshirika mwingine, kuvu ya aina ya hamira. Walianza na spishi mbili, Bryoria fremontii ya rangi ya kahawia na Bryoria tortuosa ya manjano yenye sumu, ambazo kuvu zao kuu hazikutofautiana kivinasaba. Kilichotofautiana ni wingi wa hamira. Wataalamu walikuwa wametofautisha kwa majina mawili kitu ambacho, kwa mujibu wa kanuni, ni kuvu ileile.

3.0 Kutoka Mwambani hadi Kwenye Jina

Mwaka 2007 Kerry Knudsen, aliyekuwa akitunza mkusanyo wa kuvumwani katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, alikuwa akiorodhesha kuvumwani za kisiwa cha Santa Rosa, pwani ya California. Huko aliikuta kuvumwani ya rangi ya machungwa inayoota juu ya udongo. Ilikuwa imekaribia kutoweka kutokana na ufugaji wa ng'ombe kisiwani humo, na ilianza kurudi baada ya mifugo kuondolewa. Alikamilisha ukusanyaji wa sampuli katika majuma ya mwisho ya kampeni za urais za 2008, na akamaliza kuandika makala yake siku ambayo Barack Obama aliapishwa, Januari 2009. Aliiita spishi hiyo Caloplaca obamae, kwa kuthamini msimamo wa rais huyo kuhusu sayansi na elimu ya sayansi. Ilikuwa spishi ya kwanza kuitwa kwa jina la Obama.

Kati ya kuokota na kutaja jina kuna kazi ndefu. Mtaalamu hukata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, hupima urefu na upana wa spora, hudondoshea kemikali aone rangi inavyogeuka, na siku hizi huchunguza pia vinasaba. Kisha hulinganisha sampuli yake na zile zilizohifadhiwa katika makumbusho na vyuo, ili ajiridhishe kuwa hakuna aliyemtangulia. Hata akishajiridhisha, bado hana jina. Analo wazo la jina tu.

Hapa ndipo nadharia ya J. L. Austin kuhusu vitendo uneni inapotufaa. Austin alionyesha kuwa kuna kauli ambazo hazielezi tendo, bali ndizo tendo lenyewe, na kwamba kauli hizo hufaulu pale tu masharti fulani yanapotimizwa. Asiye kadhi wala mchungaji akitamka maneno ya kufungisha ndoa, hakuna ndoa iliyofungwa. Kutoa jina la spishi ni kauli ya namna hiyo, na masharti yake yameandikwa: jina liwe na umbo la Kilatini, lichapishwe mahali panapokubalika, liambatane na maelezo yanayoitofautisha spishi na nyingine, na itajwe sampuli moja, pamoja na mahali ilipohifadhiwa, ambayo jina hilo limefungwa kwayo daima. Tangu 2013 kuvu huhitaji pia namba ya usajili. Sharti moja likikosekana, jina halikuzaliwa, hata kama spishi ni mpya kweli na aliyeigundua ni bingwa.

4.0 Sarufi ya Jina: obamae

Jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi. Caloplaca limetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya 'zuri' na 'kibao' au 'bamba'. La pili ndilo linaloipambanua spishi, nalo huweza kuwa kivumishi, nomino katika uhusika milikishi, au nomino inayowekwa sambamba na ile ya kwanza.

Neno obamae ni milikishi, 'ya Obama'. Mwenye kujua Kilatini kidogo anaweza kudhani limekosewa, kwa sababu -ae ni kiishio kinachozoeleka kwa majina ya wanawake. Halikukosewa. Kanuni za mimea na kuvu zinaagiza kuwa jina la mtu likiishia na irabu a huongezewa e, awe mwanamume au mwanamke. Kinachotawala ni fonolojia ya jina, si jinsia ya mwenye jina. Wataalamu wa wanyama wana kanuni zao. Buibui wa California aliyeitwa kwa heshima ya mtu huyohuyo mwaka 2012 ni Aptostichus barackobamai, kwa -i ya kiume. Samaki wawili, Etheostoma obama wa 2012 na Tosanoides obama wa 2016, hawakuongezewa kitu, kwa kuwa jina limewekwa sambamba. Mtu mmoja, jina moja, na maumbo matatu ya kisarufi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Obama ni jina la Kijaluo, na katika Kijaluo o- ya mwanzo kwa kawaida ni alama ya jina la mwanamume, kama ilivyo katika jozi ya Otieno na Atieno. Jinsia, basi, imekwisha kuonyeshwa mwanzoni mwa neno. Kilatini hakioni alama hiyo, kwa sababu kinatazama mwisho wa neno tu. Hali hiyohiyo hulipata neno la Kibantu. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt aliiita jenasi ya mti wa pwani yetu Mkilua, kutokana na jina lake la Kiswahili. Ile m- ambayo kwetu ni kiambishi ngeli, inayoutenga mti na ua lake, kilua, imegandishwa ndani ya shina la Kilatini na haina kazi tena. Neno limepokelewa, lakini sarufi yake imeachwa mlangoni.

5.0 Jina Linashika Nini?

Tumesema kuwa jina hufungwa kwa sampuli moja. Sharti hili lina maana kubwa kinadharia. Maelezo ya spishi yanaweza kusahihishwa, lakini jina haliondoki kwa sababu ya makosa ya maelezo: litaendelea kuitaja kuvu ile ambayo sampuli yake imo kabatini. Huu unakaribia sana msimamo wa Saul Kripke kwamba jina haliambatani na kirejelewa kwa njia ya fasili, bali kwa tendo la awali la kutaja ambalo jumuiya inaliendeleza.

Ni kwa sababu hiyo mfumo huu unastahimili mishtuko. Mwaka 2014 Robert Lücking na wenzake walichapisha uchunguzi wa kuvumwani iliyokuwa ikijulikana kama spishi moja, Dictyonema glabratum, na wakakuta ndani yake spishi zisizopungua 126. Jina la zamani halikufutika. Lilibaki na spishi moja, ile yenye sampuli, na nyingine zikawa zinahitaji majina mapya. Jenasi nazo huhama. Mwaka 2013 Arup, Søchting na Frödén waliigawanya upya familia ya Teloschistaceae, na spishi nyingi zilizokuwa chini ya Caloplaca zikapata jina jipya la kwanza huku zikibaki na lile la pili.

6.0 Kiswahili Kinasimama Wapi?

Neno kuvumwani lenyewe ni somo zuri. Ni nomino ambatani ya kuvu na mwani, na mpangilio wake unafuata kawaida ya Kiswahili ya kutanguliza neno kuu. Kwa hiyo linaafikiana na kanuni za kimataifa: kitu kinachotajwa ni kuvu kwanza. Tena ni neno angavu, kwani mwanafunzi analiona jambo aliloligundua Schwendener bila kufunguliwa kamusi. Lakini uangavu una gharama. Kuna kuvumwani ambazo mshirika wake si mwani bali ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, na hamira iliyotangazwa mwaka 2016 haimo katika neno hilo. Istilahi angavu huibeba nadharia ya siku ilipoundwa. Istilahi ya mkopo, kwa kuwa haisemi kitu, haipitwi na wakati. Si hoja ya kuliacha neno zuri. Ni hoja ya kuwakumbusha waundaji istilahi kwamba uangavu si kigezo pekee cha ubora.

Suala zito zaidi ni la lugha ya tendo lenyewe. Kabla ya 1935 maelezo ya kuvu mpya yalikubalika kwa lugha yoyote. Kuanzia 1935 hadi mwisho wa 2011 yalitakiwa yawe kwa Kilatini, na ndiyo maana Knudsen mwaka 2009 hakuwa na hiari. Tangu 2012 yanaweza kuwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Kiswahili, basi, kinaweza kutoa jina, kama kilivyotoa Mkilua, lakini hakiwezi kuwa lugha ya kulihalalisha jina hilo. Mtaalamu anayeieleza kuvu ya Usambara kwa Kiswahili fasaha, pamoja na vipimo na sampuli zote, kisheria atakuwa hajasema kitu.

Jambo hili si dogo. Kitabu kikuu cha kuvumwani kubwa za Afrika Mashariki, cha Swinscow na Krog (1988), kiliandikwa na Mwingereza na Mnorwei. Wataalamu wa kwetu wapo, kama Paul Kirika wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nao wanashiriki katika kuzichambua upya spishi za kanda hii. Kwamba kanuni zinaweza kubadilishwa limethibitishwa mwaka 2024 huko Madrid, wajumbe walipopiga kura kubadili majina yenye shina la caffra, linalotokana na tusi lililotumiwa dhidi ya Waafrika, yawe afra. Wajumbe hao walikubali kwamba jina la kisayansi ni neno la watu pia, na kwamba linaweza kuumiza. Suala la lugha ya maelezo linastahili kufikishwa katika baraza hilohilo, na watakaolifikisha hawatakuwa wanabotania peke yao.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kutoa jina la spishi ni tendo uneni lenye masharti. Kwamba sarufi ya jina inaweza kuufunika muundo wa lugha lilikotoka, kama ilivyo kwa obamae na Mkilua. Na kwamba jina hushika kirejelewa kwa sampuli, si kwa fasili. Kwa upande wa Kiswahili, kazi iliyo mbele yetu ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kukamilisha istilahi za sehemu za kuvumwani, kazi ileile aliyoianza Acharius kwa Kilatini, ili maelezo kamili ya spishi yaweze kuandikwa kwa Kiswahili. Ya pili ni kudai kuwa maelezo hayo, yakishaandikwa, yahesabiwe. Ya pili haina nguvu bila ya kwanza, na ya kwanza inaweza kuanzwa na mwanafunzi yeyote wa uzamili mwenye hadubini, kamusi na subira.