Geji za ziada kwenye gari: Dereva wa Rujewa asisubiri taa nyekundu

Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, uko katika bonde tambarare la Usangu, linalofahamika nchini kote kwa kilimo cha mpunga. Ndani ya bonde hilo gari hutembea bila taabu. Taabu huanza pale linapotoka bondeni.

Likielekea magharibi kwenda jijini Mbeya, hupita Chimala na Igurusi, kisha hupanda Inyala hadi Uyole. Likielekea mashariki, hupanda kwenda Makambako. Na lililopeleka mchele Dar es Salaam ni lazima liupande mlima Kitonga, mkoani Iringa, wakati wa kurudi. Pale Chimala napo ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Matamba na Kitulo, ambayo wenyeji huiita Hamsini na Saba kutokana na idadi ya kona zake.

Ni katika miinuko ya namna hiyo ndipo injini hupimwa, na ndipo mwenye gari hugundua, pengine akiwa amekwisha kuchelewa, kwamba dashibodi yake haimwambii mengi.

Baadhi ya magari madogo kutoka Japani, yakiwamo matoleo kadhaa ya Toyota Vitz na Passo, hayana kabisa mshale wa kuonyesha joto la injini. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inapochemsha. Katika magari mengi yenye mshale, watengenezaji wameufanya ukae katikati kwa kiwango kipana cha joto ili dereva asihangaishwe na mabadiliko madogo. Mshale unapoanza kupanda, hali imekwisha kuwa mbaya.

Taa ya oili nayo ni vivyo hivyo. Huwaka pale tu mgandamizo wa oili unaposhuka karibu na sifuri. Pampu inaweza kuwa imechoka kwa miezi kadhaa na taa hiyo isiseme lolote, hadi siku injini inaponoki.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huongeza geji zao wenyewe. Zilizo muhimu ni tatu: ya joto la maji, ya mgandamizo wa oili na ya volti.

Mwinuko na maji ya rejeta

Kwa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini, geji ya joto ina umuhimu wa pekee. Usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzi joto 100. Jijini Mbeya, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Katika uwanda wa Kitulo, wenye mwinuko wa mita zipatazo 2,600, huchemka kwenye nyuzi 91.

Injini nyingi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 85 na 100. Kinachoyazuia maji yasichemke katika joto hilo ni mfuniko wa rejeta, ambao huyabana na kuyaongezea mgandamizo, pamoja na dawa ya kupozea inayochanganywa na maji hayo. Mfuniko ukilegea, na rejeta ikawa imejazwa maji ya mtoni matupu, gari lililotamba Rujewa linaweza kutoa mvuke kabla halijafika Uyole.

Matokeo yake yanafahamika gereji. Silinda hedi ya alumini hupinda, gasketi huungua, maji huingia kwenye oili na kuifanya ifanane na chai ya maziwa. Gharama ya geji ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kufungua injini.

Namna ya kuzifunga

Kazi huanza kwa kuacha injini ipoe kabisa na kutoa waya hasi wa betri. Ni hatari kufungua mfuniko wa rejeta wakati injini ina moto.

Mahali bora pa sensa ya joto ni kwenye injini yenyewe, upande yanapotokea maji ya moto, kabla ya thamostati. Njia rahisi zaidi ni kukata mpira wa juu wa rejeta na kuunganisha bomba fupi la alumini lenye tundu la sensa. Lakini thamostati iliyo upande huo ikigoma kufunguka, sensa hiyo inaweza kuonyesha ubaridi huku injini ikiungua. Aidha, kwa kuwa mpira haupitishi umeme, sensa ya waya mmoja ikifungwa hapo, bomba hilo ni lazima lipewe waya wake wa kwenda kwenye bodi ya gari.

Kwa oili, fundi huifungua swichi ya taa na kuweka kiungo chenye umbo la herufi T, ili swichi ya zamani na sensa mpya zikae pamoja. Taa ya awali isiondolewe. Nyuzi za sensa nazo zichunguzwe, kwani za Kijapani na za Kimarekani hufanana kwa macho lakini hazilingani, na kulazimisha huleta uvujaji au ufa. Inafaa pia kuchagua geji ya umeme badala ya ile inayoletewa oili yenyewe hadi ndani kwa kijibomba chembamba. Kijibomba hicho kikipasuka, oili ya moto humwagikia miguu ya dereva.

Umeme uchukuliwe kwenye waya unaopata moto pale tu swichi inapowashwa, na uwe na fyuzi yake. Waya unaopita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na abiria uvishwe mpira, kwani bati humenya waya taratibu, na waya uliomenywa unaweza kuunguza gari zima. Nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo aghalabu huwa za njano, zisiguswe kabisa, wala geji isifungwe mahali mfuko huo unapofumkia. Mwenye lori la volti 24 asikubali kufungiwa geji ya volti 12.

Geji ikaguliwe kabla ya kuaminiwa. Sensa ikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka sufuriani hapo Rujewa, palipo juu kidogo ya mita 1,000, mshale unapaswa kusoma nyuzi 96 au 97. Ikisoma 110, dereva atapata hofu ya bure. Ikisoma 85, atajiona salama wakati hayuko salama.

Kuzisoma

Geji hazina faida kwa asiyejua hali ya kawaida ya gari lake. Katika wiki ya kwanza, dereva ajifunze mshale unakaa wapi bondeni na unakaa wapi mlimani. Joto likipita nyuzi 105 na kuendelea kupanda, azime kiyoyozi, apunguze mwendo na atafute mahali salama pa kusimama.

Mshale wa joto ukishuka ghafla wakati gari linapanda mlima, hiyo si habari njema. Huenda maji yamekwisha na sensa imebaki katika hewa tupu. Hapo dereva asimame mara moja. Mgandamizo wa oili ukianguka hadi sifuri, injini izimwe mara tu gari linapokuwa pembeni ya barabara.

Kwa upande wa volti, gari dogo linalonguruma lionyeshe kati ya 13.8 na 14.4. Likishuka hadi 12, alteneta haichaji, na safari ya usiku kwenda Iringa ni afadhali iahirishwe.

Hata hivyo, geji haitibu ugonjwa wowote. Haizibi rejeta inayovuja wala haibadilishi mfuniko uliochoka. Inachompa dereva ni muda: dakika chache za kusimama kando ya barabara kabla injini haijaharibika, au wiki kadhaa za kutafuta pampu ya oili kabla ile ya zamani haijakata tamaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa nyekundu humwonyesha dereva ukuta ulioanguka. Geji humwonyesha ufa.