Amplifaya ya Keja Yako ya Kwanza

Wasee wengi wakishahamia keja ya kwanza wanaingia maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, na swali moja tu: "Hii iko na wati ngapi?" Tumelelewa na nganya, tunajua bezi yenye hutetemesha kiti, ndo maana tunaaminianga mawati mengi. Lakini keja ya mita tatu kwa nne haitaki hayo yote. Mi nasema hivi: chukua amplifaya ndogo yenye inasema ukweli, alafu doh yenye imebaki weka kwa spika. Kama uko na thao ishirini, kumi na mbili iende kwa spika.

Cheki hesabu. Spika ya kawaida yenye imeandikwa desibeli 87, ukiipea wati 1 na ukae mita moja mbele yake, inakupea hizo 87. Hapo tayari kubonga na mtu lazima upandishe sauti. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 pekee. Ndio sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hivyo ile tofauti ya wati 50 na 100, yenye muuzaji anakuongezea mathao, ni desibeli 3 basi. Jioni ukiwa umetulia na ngoma zako kwa bedsita, mara nyingi unatumianga wati moja ama mbili.

Alafu kuna hii PMPO. Boksi limeandikwa 10000W PMPO kwa herufi za moto. PMPO haina kipimo chenye kampuni zote hufuata, kila mtu anaandika namba yenye anataka. Namba ya kuaminika ni RMS, na lazima ikuje na omu za spika: wati 30 kwa omu 8, kitu kama hiyo. Ukiikosa, geuza mashine usome ile stika ya nyuma, penye waya wa stima unaingia. Kama inakula wati 60 kutoka ukutani, hizo elfu kumi itatoa wapi?

Zile ndogo za Klasi D, saizi ya kiganja, mi nazipenda sana na nitazitetea popote. Nyingi ziko na chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments. Hiyo chipu inaweza toa wati 50 kila upande, lakini hiyo ni kwa spika za omu 4, volti 21, na sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Rada yote iko kwa adapta. Ukiuziwa na adapta ya volti 12 na spika zako ni za omu 8, hutapita wati 9 safi kila upande. Weka ya volti 24 uone, inapita 30. Chipu ni ile ile! Kabla ulipe, shika adapta mkononi usome, na uhakikishe mashine yenyewe inakubali 24.

Ukisukuma amplifaya kuliko uwezo wake, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakuwa kavu ya kuumiza, na tuita ndiyo huungua kwanza. Ikianza kukwaruza, rudisha chini, hata kama mbogi yote iko ndani imechangamka. Na usichomeke spika mbili za omu 8 kwa tundu moja ovyo. Zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na kama mashine imeandikwa isishuke chini ya 6, itachemka.

Kama roho yako inataka chuma kizito, tafuta mtumba wa Uingereza. NAD 3020 ilitoka 1978 na wati 20 tu kila upande, na hadi leo wapenzi wa muziki wanaitafuta. Uzuri wa mashine za huko ni kuwa zinaingia kwa stima yetu ya volti 240 bila shida, na plagi ni ile yetu ya miguu mitatu. Za Japani pia ni tamu, lakini zile zilitengenezewa soko la huko zinakula volti 100. Ukichomeka hivyo hivyo kwa ukuta wa Nairobi, imeenda. Lazima transfoma ya kushusha, na hiyo ni ganji ingine. Na kama umeanza kuokota santuri pale Kenyatta Market, hakikisha kuna tundu la phono, ju sindano hutoa umeme kidogo sana na tundu la kawaida halitausikia vizuri.

Dukani usikubali kuonyeshwa taa peke yake. Washa bila ngoma, weka sikio kwa spika, pandisha sauti pole pole. Ukiskia mvumo mzito, kapasita zinaweza kuwa zimechoka. Ikitoa krr krr ukizungusha kifundo, mara nyingi hiyo ni uchafu tu, fundi anapuliza dawa inaisha, na wewe unashusha bei nayo. Peleka balansi kushoto, alafu kulia. Upande mmoja ukiwa mnyonge, achana nayo. Sasa cheza ngoma yako mwenyewe kwa simu, yenye unaijua kila kona, si ile ya mwenye duka. Skiza sauti ya muimbaji kwanza, bezi baadaye. Uliza ukipata shida unarudisha ndani ya siku ngapi, na hiyo iandikwe kwa risiti.