Kuku Aliyechoka Kutaga

Kuku wa kizungu ni mtagaji hodari. Huanza kutaga apatapo miezi mitano hivi, na katika mwaka mmoja aweza kutaga mayai 300. Lakini akifika mwaka mmoja na nusu, mayai hupungua na maganda yake huwa membamba. Hapo mwenye banda kubwa huona kwamba chakula chamgharimu kupita faida ya mayai. Basi huwauza kuku wote kwa bei ndogo.

Wengi huishia chunguni. Wengine hununuliwa na watu wenye kiwanja nyuma ya nyumba, kama viwanja vya Mususa mjini Butembo. Huko Uingereza kuna shirika liitwalo British Hen Welfare Trust, lililoanzishwa mwaka 2005, ambalo huwatafutia kuku wa namna hii makao mapya.

Je, anayemnunua kuku kama huyu amepata hasara? La! Kuku huyu hajazeeka, bali amechoka. Mara nyingi manyoya yake hunyonyoka, naye huacha kutaga kwa muda wa miezi miwili hivi, kwa sababu nguvu zake zote huenda katika kuotesha manyoya mapya. Asiye na subira humchinja wakati huo. Mwenye subira humlisha vema, naye huanza kutaga tena, ingawa si kila siku.

Kuku aliyekulia katika tundu ni kama mgeni asiyejua njia. Jioni kuku wa kienyeji huingia bandani wenyewe, lakini huyu hukaa nje gizani mpaka kicheche amkamate. Kwa hiyo afungiwe bandani siku chache za kwanza, ajue kwamba ndipo kwake. Fito za kulalia ziwe chini, maana miguu yake ni dhaifu. Banda liwe kavu, kwa kuwa Butembo ni mji wa milimani, na usiku kuku asiye na manyoya huona baridi kali. Tena, kama mdomo wake ulikatwa ncha, huona taabu kudonoa punje moja moja ardhini. Atiliwe chakula katika chombo chenye kina.

Chakula chake kiwe mahindi yaliyosagwa, soya iliyokaangwa, ndagala na majani ya lengalenga. Maharagwe yasiyopikwa yana sumu, asipewe. Maganda ya mayai yakaushwe, yatwangwe mpaka yawe unga, achanganyiwe humo, nayo yatamsaidia kutengeneza maganda mapya. Asipotwangiwa vizuri, aweza kujifunza kula mayai yake mwenyewe. Maji safi yawepo daima, kwani sehemu kubwa ya yai ni maji.

Jambo kubwa kuliko yote ni ugonjwa. Kideri hakina dawa ya kukiponya, nacho chaweza kuua kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Kuku mgeni aweza kukileta, au kukikuta kwa jirani. Kwa hiyo wageni watengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Wote wachanjwe, chanjo yaweza kuwa tone moja tu jichoni. Mganga wa mifugo ndiye aelezaye siku za kuirudia. Mtu asiyechanja kuku wake huhatarisha hata kuku wa jirani.

Tena, kuku huyu si mwatamiaji mzuri. Atakaye vifaranga amweke jogoo, kisha mayai ayatie chini ya kuku wa kienyeji.

Hivyo kuku aliyeuzwa kwa bei ndogo aweza kuwapa watoto wa nyumba mayai, na bustani samadi. Akiba haiozi.

Maswali
1. Kwa nini mwenye banda kubwa huwauza kuku wake?
2. Kwa nini kuku mgeni afungiwe bandani kwanza?
3. Kuku asiyechanjwa huwadhuru majirani kwa njia gani?