Je, Wajua? Kumtafuta askari wa Royal Dublin Fusiliers

Je, wajua kuwa anayemtafuta babu yake aliyekuwa askari wa Ayalandi anakabiliana na mioto miwili kabla hajaliona jina? Wa kwanza uliwaka Dublin tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Jengo la Four Courts lililipuka, na ofisi ya nyaraka iliyokuwa hapo ikateketea pamoja na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wasia, na vitabu vingi vya parokia za Kianglikana. Moto wa pili uliwaka London mwezi Septemba 1940, mabomu ya Ujerumani yalipoliangukia ghala la Wizara ya Vita ya Uingereza katika mtaa wa Arnside. Humo mlikuwa na mafaili ya askari wa kawaida waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na takriban asilimia 60 yaligeuka majivu. Askari aliyezaliwa Dublin akavaa sare ya Mwingereza amechomewa karatasi zake mara mbili, katika miji miwili, na maadui wawili tofauti. Bado anaweza kupatikana.

Je, wajua kuwa mafaili yaliyookolewa London bado yana kingo zilizoungua na madoa ya maji ya wazimamoto? Hayakuweza kushikwashikwa, ikabidi yapigwe picha kwenye filamu ndogo. Lililosalimika hukupa urefu wa mtu, rangi ya macho, kazi aliyoifanya kabla ya kuandikishwa, jina la mama yake, na adhabu alizopewa kwa kuchelewa kurudi kambini.

Je, wajua kuwa Royal Dublin Fusiliers, rejimenti ya Kiayalandi katika jeshi la Uingereza, ilizaliwa India? Iliundwa 1881 kwa kuunganisha rejimenti ya 102 na ya 103, ambazo asili yake ni askari wa Kizungu wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki huko Madras na Bombay. Makao yake nyumbani yakawekwa Naas, katika kaunti ya Kildare. Kwa hiyo, ukimtafuta askari aliyetumikia vikosi hivyo kabla ya miaka ya 1860, usipoteze muda kwenye nyaraka za Wizara ya Vita. Nenda kwenye nyaraka za Ofisi ya India, zilizoko Maktaba ya Uingereza, London.

Na je, wajua kuwa miongoni mwa heshima za vita za rejimenti hiyo limo jina la Bani Bu Ali, mji wa kabila la jina hilohilo ulioko Jaalani, Omani? Mwaka 1820 kikosi cha Kampuni kiliandamana na Sayyid Said bin Sultan kwenda kuwapiga Bani Bu Ali. Washambuliaji wakashindwa vibaya, na Sayyid mwenyewe akajeruhiwa. Mwaka uliofuata likaja jeshi kubwa zaidi kutoka Bombay, rejimenti ya Wazungu wa Bombay ikiwemo, na safari hii likashinda. Ni Sayyid Said huyuhuyu aliyehamishia makao yake Zanzibar na kufariki baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurejea huko. Rejimenti hiyo ya Bombay ndiyo pia iliyokuwepo Waingereza walipoiteka Aden mwezi Januari 1839. Msomaji wa pwani anayedhani habari za askari wa Dublin hazimhusu ana sababu ya kufikiri tena.

Je, wajua kuwa namba ya askari haikuwa ya mtu mmoja? Kabla ya 1920 kila rejimenti ilitoa namba zake, na mara nyingi vikosi vya akiba navyo vilikuwa na orodha zao. Mtu akihamishwa alipewa namba mpya. Watu kadhaa wangeweza kuwa na namba ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja katika kikosi chake. Mtafiti asiyelijua hili humfuata mgeni miezi mizima akidhani ni babu yake.

Ukitaka kuona hatari ya jambo hilo, nenda makaburi ya Poelcapelle nchini Ubelgiji. Kuna kaburi la John Condon wa Waterford, askari wa Royal Irish Regiment, ambalo jiwe lake linasema alikuwa na umri wa miaka 14. Kwa miaka mingi ametajwa kuwa mtoto mdogo kuliko wote waliokufa upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na wageni wengi hufika kumwona. Lakini watafiti walipochimbua kumbukumbu za vizazi walikuta kwamba alizaliwa 1896, maana yake alikufa akiwa na miaka 18. Kisha wakauliza swali zito zaidi: je, aliyezikwa pale ni yeye? Mwili ulitambuliwa kwa alama ya kiatu tu, namba 6322 na herufi R.I.R. Herufi hizo zinaweza kuwa Royal Irish Regiment, na zinaweza pia kuwa Royal Irish Rifles, ambayo nayo ilikuwa na askari aliyeuawa mwenye namba 6322. Jiwe halijabadilishwa. Mimi naamini mtafiti anawajibika kwa wote wawili, yule aliyeandikwa na yule ambaye huenda ndiye aliyelala chini.

Je, wajua kuwa sensa za Ayalandi za 1901 na 1911 zimesalimika zote na husomwa mtandaoni bila malipo? Sensa za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe, hazikusubiri moto. Ila kuna mtego: katika fomu za kambi za jeshi, watu wengi waliandikwa kwa herufi za kwanza za majina tu. Unapata umri, dini, kaunti aliyozaliwa, kisha "P. K." peke yake.

Kwa maoni yangu, usianzie jeshini. Anzia kanisani na kwa msajili wa vizazi. Serikali ilianza kusajili vizazi vyote Ayalandi mwaka 1864, na tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka mtandaoni picha za vitabu vya parokia za Kikatoliki. Askari aliweza kudanganya umri, aliweza kuiacha O' ya mwanzo wa ukoo wake, hata kujiandikisha kwa jina la bandia. Padri aliyembatiza hakuwa na sababu ya kudanganya.

Je, wajua kuwa nishani tatu za Victoria Cross zilizotolewa kwa Royal Dublin Fusiliers katika Vita Kuu ya Kwanza zilikwenda kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa Ayalandi? Robert Downie alikuwa mzaliwa wa Glasgow, James Ockendon wa Portsmouth, na Horace Curtis wa Cornwall. Wote walikuwa masajenti. Jina la rejimenti halikuambii kwao ni wapi.

Je, wajua kuwa Ayalandi haikuwa na Jeshi la Territorial, yaani la askari wa muda, kama England na Scotland? Nafasi yake ilishikwa na batalioni za akiba. Katika vita ile Dublin Fusiliers ilifikia batalioni 11, na kujua batalioni ndiyo hatua inayofungua nyingine zote, kwa sababu shajara za vita ziliandikwa batalioni kwa batalioni. Ukishaipata, unaweza kujua babu alikuwa kijiji gani cha Ufaransa siku fulani, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Usitegemee kumkuta kwa jina, maana shajara hutaja maofisa, na wengine huhesabiwa tu.

Je, wajua kisa cha John Dunne, mpiga tarumbeta wa Dublin Fusiliers? Alikuwa mvulana asiyefika miaka 16 alipojeruhiwa Colenso, Afrika Kusini, katika Vita vya Makaburu, tarehe 15 Desemba 1899, na tarumbeta yake ikapotelea mtoni Tugela. Malkia Victoria alimwita na kumpa nyingine. Wenzake waliokufa katika vita ile wameandikwa kwenye tao lililojengwa 1907 mlangoni mwa bustani ya St Stephen's Green, Dublin. Wazalendo waliliita Lango la Wasaliti, ila majina bado yapo na yanasomeka.

Je, wajua kilichotokea V Beach, Gallipoli, tarehe 25 Aprili 1915? Batalioni ya kwanza ya Dublin ilikaribia ufuko wa Uturuki, wengi wakiwa ndani ya mashua zilizo wazi, huku askari wa rejimenti ya Munster Fusiliers wakiwa kwenye meli ya makaa ya mawe, River Clyde, iliyokwamishwa ufukweni makusudi. Risasi ziliwakuta kabla miguu haijagusa mchanga. Kamanda wa batalioni, Richard Rooth, aliuawa, na padri wao, William Finn, pia. Waliobaki katika rejimenti zote mbili walikuwa wachache kiasi kwamba waliunganishwa kwa muda kuwa kikosi kimoja, na watu wakakiita Dubsters. Kwa hiyo ukiona katika faili la askari wa Dublin siku chache ambazo ni kama alikuwa na Munster, usidhani karani alikosea.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Mei, batalioni ya pili ilifunikwa na gesi ya sumu karibu na Ypres, Ubelgiji, mahali palipoitwa Mouse Trap Farm. Alfajiri walikuwa zaidi ya 600. Usiku walibaki 21. Wengi wao hawana kaburi, na majina yao yako kwenye lango la kumbukumbu la Menin Gate mjini humo, miongoni mwa majina zaidi ya 54,000.

Je, wajua kuwa wiki ya Pasaka ya 1916 askari wa rejimenti hii walikuwa wakipigana sehemu mbili? Katika mitaa ya Dublin walitumwa kuwazima Waayalandi wenzao waliotangaza jamhuri. Wiki hiyohiyo, huko Hulluch, Ufaransa, batalioni ya 8 na ya 9 zilikuwa zikikabwa na gesi ya Wajerumani. Kuna mama Dublin ambaye hakujua amlilie nani kwanza, na kizazi chake kilichagua kunyamaza. Nishani zikafichwa, picha zikageuzwa ukutani. Sehemu kubwa ya utafiti wa sasa ni kuuliza yale ambayo babu alikatazwa kusimulia.

Je, wajua kuwa nishani yenyewe ni waraka? Nishani za Uingereza za vita ya kwanza zimechongwa namba, cheo, jina na kikosi: kwenye ukingo zikiwa za duara, mgongoni zikiwa nyota. Bamba la shaba walilopewa ndugu wa marehemu ni tofauti, lina jina pekee, bila cheo wala rejimenti. Ukirithi bamba lenye jina la kawaida bila barua iliyokuja nalo, huna pa kulishikia.

Je, wajua kuwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi ina wasia zipatazo 9,000 za askari? Nyingi ziliandikwa na askari mwenyewe katika kijitabu chake cha mshahara. Mara nyingi ni mstari mmoja tu, kuwa vyote nilivyo navyo ni vya mama yangu, halafu anwani.

Barua nazo zipo. Msichana wa Stillorgan, Monica Roberts, aliwatumia askari soksi, sigara na peremende, nao wakamjibu kutoka mahandakini. Barua hizo zinatunzwa katika maktaba ya jiji la Dublin, mtaa wa Pearse, pamoja na nyaraka za chama cha Royal Dublin Fusiliers kilichoundwa 1996. Kwangu mimi hakuna hazina inayopita hii, kwa kuwa humo askari wa kawaida anasema kwa kauli yake mwenyewe.

Je, wajua kuwa juzuu 8 za kumbukumbu ya Ayalandi ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, zilizochapishwa 1923 na kupambwa na msanii Harry Clarke, zina majina zaidi ya 49,000, na bado si orodha ya Waayalandi? Wamo Waingereza waliotumikia rejimenti za Ayalandi, na wapo Waayalandi waliokosekana. Zisome kama mwanzo wa njia.

Je, wajua kuwa aliyepotelea Gallipoli bila mwili kupatikana jina lake limechongwa kwenye mnara wa Helles, lakini mpagazi aliyekufa Tanganyika katika vita hiyohiyo mara nyingi hana hata mstari? Tume ya makaburi ya vita iliundwa 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina bila kujali cheo. Ripoti yake yenyewe ya 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, haitaji jina la hata mmoja wao. Mjukuu wa Dublin ana malalamiko ya haki kuhusu moto wa London. Mjukuu wa Dodoma anaanza utafiti pale ambapo hakukuwa hata na karatasi ya kuungua.

Je, wajua kuwa rejimenti tano za kusini mwa Ayalandi zilivunjwa 1922, na bendera zao kukabidhiwa kwa mfalme huko Windsor tarehe 12 Juni? Wanaume wake hawakutoweka. Emmet Dalton, aliyepata nishani ya Military Cross kwa ushujaa wake Ginchy, Ufaransa, mwaka 1916 akiwa na Dublin Fusiliers, alijiunga na IRA, jeshi la wapigania uhuru wa Ayalandi, akawa jenerali wa dola mpya, na alikuwa ubavuni mwa Michael Collins, kamanda mkuu wa jeshi la dola hiyo, siku Collins alipouawa, 22 Agosti 1922. Wengine wengi waliotoka jeshi la Uingereza waliandikishwa katika jeshi hilo jipya. Kwa hiyo, kama babu yako anapotea ghafla kwenye karatasi za London baada ya 1919, tazama sensa ya jeshi la Ayalandi iliyofanyika usiku wa kuamkia 13 Novemba 1922. Humo kila askari ameandikwa kambi aliyolala, umri wake, na ndugu wa kuarifiwa, na nakala zake zimewekwa mtandaoni bure na hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Dublin.