Mazrui na swali la vitabu vya shule: Historia ni ya nani?

KATIKA visiwa vya Rusinga na Mfangano, na huko Gwassi, Kaunti ya Homa Bay, wanaishi Wasuba, ambao mababu zao walivuka Ziwa Victoria kutoka upande wa Uganda wakizungumza lugha ya Kibantu. Leo wengi wao huzungumza Dholuo. Kisuba hakikuzimwa kwa bunduki. Ndoa, biashara, kanisa na shule vilitosha, kwani kwa miaka mingi mtoto wa Kisuba alifundishwa kwa Dholuo, lugha iliyohesabiwa kuwa ndiyo ya eneo lake. Kisuba kilianza kufundishwa katika baadhi ya shule miaka ya 1990.

Nani aonekane katika kitabu cha shule na nani aachwe nje? Swali hilohilo lilimtumbukiza Mkenya mmoja mhamiaji, marehemu Profesa Ali Mazrui, katika mabishano makali ya elimu nchini Marekani.

Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Matokeo yake ya mtihani wa shule yalikuwa hafifu hata akakosa nafasi Makerere, akafanya kazi ya ukarani kabla ya kupata ufadhili wa kwenda Uingereza. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi kuwa profesa katika Makerere ileile iliyomkataa. Utawala wa Idi Amin ulimfukuzisha huko, na kuanzia 1974 akafundisha Michigan, baadaye Binghamton katika jimbo la New York. Kwa taaluma alikuwa mwanasayansi wa siasa. Lakini aliyoyaandika kuhusu dini, lugha na utambulisho yanamweka bega kwa bega na wanasosholojia.

Jina lake lilivuma mwaka wa 1986 kwa filamu zake tisa za televisheni kuhusu urithi wa aina tatu wa Afrika: wa wenyeji, wa Uislamu na wa Magharibi. Lynne Cheney, aliyeongoza wakfu wa serikali uliosaidia kuzigharimia, alichukizwa nazo hata akataka jina la wakfu huo liondolewe.

Miaka michache baadaye jimbo la New York liliunda kamati ya kupitia ufundishaji wa historia na elimu ya jamii, na Mazrui akawa miongoni mwa wanachama. Ripoti yake ilitoka Juni 1991. Ilitaka wanafunzi wasome matukio kwa macho ya zaidi ya jamii moja. Iligusa hata msamiati: badala ya kuwaita Waafrika waliosafirishwa ng'ambo "watumwa", kana kwamba ndivyo walivyozaliwa, waitwe watu waliotiwa utumwani. "Mashariki ya Mbali" nako, mbali na wapi? Sisi wahariri, tunaokesha tukipima neno moja, tunaelewa kwamba hayo si mambo madogo.

Mazrui aliambatisha maoni yake mwenyewe, akitaka mateso ya wenyeji asilia wa Marekani na ya Waafrika yapimwe sambamba na maangamizi ya Wayahudi. Wapo waliokasirika. Mwanahistoria Arthur Schlesinger aliipinga ripoti yenyewe, akihofu kuwa shule zingewagawanya Wamarekani kwa makabila badala ya kuwaunganisha. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kenya tumeionja mwaka wa 2007 na 2008.

Mazrui alifariki Oktoba 2014 akazikwa kwao Mombasa.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza Serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya, nao mtaala wa umilisi unatoa nafasi kwa lugha ya mama katika madarasa ya chini. Lakini mwalimu anayehamishiwa Mfangano kutoka Ndhiwa au Rongo huenda asijue hata salamu moja ya Kisuba, na darasa lina watoto ambao wazazi wao wenyewe huwasemesha kwa Dholuo.