Maji ya kutazama: Saanane, Rubondo au Rusumo?

Mtoto wa Shinyanga hukua akiona lambo, maji ya kunywesha ng'ombe yanayokauka kiangazi kikikaza. Mzazi akitaka kumwonyesha maji mengi kweli ana njia tatu, na kinachotafuna pesa si kiingilio. Mtanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni, ilimradi awe na kitambulisho. Pesa huishia kwenye boti, nauli na malazi.

Kwa familia, nachagua Saanane. Ukifika Mwanza unakwenda Capri Point, unapanda boti, na dakika chache baadaye uko kisiwani. Zamani palikuwa bustani ya wanyama, tangu 1964. Mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa. Pimbi wanaota jua juu ya majabali na Ziwa Victoria limekuzunguka pande zote. Wa Geita, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hana tena foleni ya kivuko: anatoka alfajiri, jioni yuko kwake, na hajalipia kitanda.

Rubondo, nayo hifadhi ya kisiwani katika ziwa hilo, ni kubwa na ina msitu mnene. Sokwe wake ni uzao wa wale waliotolewa Ulaya na kuachiwa humo kati ya 1966 na 1969. Huku hesabu ni ya boti. Boti hukodiwa nzima, hivyo watu wawili hulipa sawa na kumi. Jikusanyeni, hata kupitia kikoba chenu, na mpandie Kasenda, wilayani Chato. Kutokea Nkome safari ni ndefu zaidi, na mafuta mnayalipia nyinyi. Laleni kwenye mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, badala ya hoteli, na mbebe unga, mchele na mboga kutoka bara.

Njia ya tatu ni maporomoko ya Rusumo, Ngara, ambako mto Kagera unashuka kama meta 15 mpakani na Rwanda. Hakuna boti ya kulipia. Unayaona ukiwa darajani. Lakini kutoka Kahama kupitia Ushirombo na Nyakanazi ni mwendo mrefu, na lazima ulale. Siwezi kumshauri mtu afunge safari kwa ajili ya maporomoko tu. Kama una shughuli Ngara au Kigali, simama. Hapo ndipo wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu walipovukia Aprili 1994, na leo maji hayo yanazungusha mitambo ya megawati 80 ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni mpakani, kwa hiyo omba ruhusa kwa askari kabla ya kupiga picha.